Limba ya Mayombe na gitaa la umeme



Katika parokia zetu nyingi, siku ya Jumapili, twasikia gitaa la umeme likiwaongoza waimbaji. Watoto husimama karibu nalo, wakikaza macho kwenye vidole vya mpigaji. Wanatazama rangi inayong'aa, wanatazama waya unaokwenda hata kwenye sanduku la sauti. Ni wachache wanaouliza: Chini ya rangi ile mna nini? Mna ubao. Ubao huo zamani ulikuwa mti, na mti huo ulisimama katika msitu wa watu fulani.

Wazee walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo twataka kueleza jinsi gitaa la umeme lilivyoundwa, tangu majaribio ya kwanza hata siku zetu. Tena jinsi miti ya Afrika ya Kati, hasa limba ya kwetu Kongo, ilivyoingia katika kazi hiyo. Habari hii yatuhusu kuliko tunavyodhani.

Sumaku na uzi wa chuma

Gitaa la zamani ni sanduku lenye uwazi ndani. Uzi ukitikisika, ubao mwembamba wa juu hutikisika pamoja nao, na hewa iliyomo sandukuni huikuza sauti. Lakini sauti hiyo ni ndogo. Katika miaka ya 1920, huko Marekani, wapiga gitaa walikaa katikati ya tarumbeta na ngoma, na watu waliokuja kucheza hawakuwasikia.

Mjini Los Angeles mpiga gitaa mmoja, George Beauchamp, alishirikiana na Adolph Rickenbacker, fundi wa vyuma, kutafuta dawa ya shida hiyo. Mwaka wa 1931 walipata gitaa la kwanza la kufaa. Umbo lake lilikuwa kama kikaango, na Kikaango likawa jina lake la utani. La majaribio lilichongwa katika mbao. Yale yaliyouzwa tangu mwaka wa 1932 yalikuwa ya alumini. Serikali ya Marekani ilimpa Beauchamp hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1937.

Ufundi wake ni huu. Karibu na nyuzi pana sumaku, na pana waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika mbele ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule. Umeme huo hupelekwa kwenye mashine ya kukuza sauti, nayo huitoa kwa nguvu. Nyuzi za utumbo wa mnyama, walizozitumia wazee, hazifai hapa, maana sumaku haina habari na utumbo.

Basi, kama sauti haitoki tena katika sanduku, ubao ni wa nini? Jibu ni jepesi. Nyuzi sita zilizokazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 45, mchana na usiku. Lazima pawe na kitu cha kuzishika kisichopinda, kisichovimba wakati wa mvua, wala kisichomlemea mtu begani. Alumini ilijaribiwa, ikashindwa: chini ya taa kali za jukwaani ilipata moto, ikatanuka, na nyuzi zikapotea sauti zake. Mafundi wakarudi kwa mti.

Gogo la Les Paul

Mpiga gitaa Les Paul, mzaliwa wa Wisconsin wa mwaka 1915, alikuwa na wazo lake. Alitaka uzi ulie muda mrefu bila ubao wa chini kuunyang'anya nguvu. Kuelekea mwaka wa 1941 alipata ruhusa ya kutumia vyombo vya kiwanda cha Epiphone, mjini New York, siku za Jumapili kilipofungwa. Alichukua gogo la msonobari, upana na unene wake kama sentimeta 10, akaligongea shingo, nyuzi na sumaku. Ndilo lililoitwa Gogo.

Lililia vizuri, lakini watu hawakupenda kuona mtu akipiga mhimili wa nyumba. Les Paul akapasua gitaa la kawaida katikati, akabandika nusu mbili ubavuni mwa gogo lake, kwa ajili ya macho tu. Alipolipeleka kwa kampuni ya Gibson, ya mji wa Kalamazoo, walimcheka. Walisema ni ufagio uliotiwa sumaku.

Gitaa la kuagiza

Hata hapo gitaa zima la mbao tupu lilikuwa kitu cha majaribio. Sasa aja mtu wa tatu, naye ni Paul Bigsby wa California, fundi wa mashine aliyezoea kutengeneza vipande vya pikipiki. Mwaka wa 1948 mwimbaji Merle Travis alimchorea kwenye karatasi gitaa alilolitaka: jembamba, la mbao zisizo na uwazi ndani, na vigingi vyote sita vya kukazia nyuzi vikiwa upande mmoja wa kichwa. Bigsby akalitengeneza kwa ule mti mweupe mgumu wa nchi za baridi ambao Wafaransa huuita érable. Gitaa hilo lingaliko. Limewekwa katika jumba la makumbusho la muziki mjini Nashville.

Hili ndilo gitaa la kuagiza: mpigaji mmoja ataja haja yake, fundi mmoja achagua ubao na kuuchonga kwa ajili ya mtu yule. Ni kama mtu anavyokwenda kwa fundi wa nguo akapimwa, badala ya kununua iliyoshonwa tayari.

Baadaye kidogo, mwaka wa 1950, Leo Fender wa mji wa Fullerton alianza kuuza magitaa ya mbao tupu kwa wingi. Fender alikuwa fundi wa redio, wala hakujua kupiga gitaa. Ndiyo maana alilifikiria kama mtu anayetengeneza vitu vilivyoharibika: shingo aliifunga kwa skrubu nne, ili ikipinda ibadilishwe kwa dakika chache. Wale wa Gibson waliocheka waliona sasa hakuna kicheko. Mwaka wa 1952 walitoa gitaa lao la mbao tupu, nalo likaitwa kwa jina la Les Paul yule yule. Fender alitumia miti ya nchi yake. Gibson walitumia mwili wa mahogani ya nchi za joto, mti ambao ndugu yake wa Afrika sisi twamwita akaju. Juu yake kipande cha érable. Na chini ya vidole palisandere ya Brazili.

Hivyo miti ya mbali iliingia katika gitaa la umeme. Mafundi wa Marekani na Ulaya huiita miti ya kigeni. Neno hilo ni la mtu aliye mbali. Mti haujioni kuwa mgeni pale ulipoota.

Limba yapata jina jipya

Magharibi kabisa mwa nchi yetu, kaskazini ya mdomo wa mto Kongo, kuna milima yenye msitu iitwayo Mayombe. Huko huota limba. Ni mti mrefu, ulionyoka kama mlingoti. Mkubwa wake hupita meta 40, na chini hujishikilia kwa mbavu pana. Mti huo hukua toka Sierra Leone hata Angola, na kila nchi ina jina lake: kwa watu wa Côte d'Ivoire ni fraké, kwa watu wa Ghana ni ofram. Lakini limba ndilo jina la pande zetu, nalo ndilo lililoenea katika biashara. Mbao zake ni za rangi ya majani makavu, hazina uzito mwingi, zapasuka na kurandwa bila taabu. Watu wa Mayombe walizijua tangu kale kwa nyumba na mitumbwi.

Wakati wa Wabelgiji limba ilikuwa mti mkubwa wa biashara wa Mayombe. Reli nyembamba ya Boma na Tshela, iliyoanzwa mwaka wa 1898, ilipita katikati ya msitu huo. Magogo yaliteremka hata Boma, yakapakiwa melini, yakaenda Ulaya na kwingineko. Mengi yalichunwa kuwa mbao nyembamba za kubandikwa na kuwa meza na makabati. Wafanyabiashara wa Marekani, kwa kutaka kuipendeza zaidi, waliibatiza limba jina lingine: Korina. Mtu wa Tshela angaliisikia Korina ikitajwa asingalijua ya kuwa ni mti wa nyuma ya nyumba yake.

Katika miaka hiyo kampuni ya Gibson ilisumbuliwa na sifa mbaya: ilisemwa kwamba yafuata mno mambo ya zamani. Mkuu wake, Ted McCarty, ambaye naye hakuwa mpiga gitaa, aliamua kuwashangaza watu. Mwezi wa Juni 1957 aliandikisha maumbo mapya. Moja lilikuwa kama kichwa cha mshale, likaitwa Flying V. Lingine lilikuwa na pembe pembe kama mchoro wa radi, likaitwa Explorer. Walijaribu kwanza mahogani, wakaona uzito umezidi. Wakachagua limba: nyepesi kuliko ile, yenye kutulia, na rangi yake chini ya vanishi ni kama asali.

Magitaa hayo yalianza kuuzwa mwaka wa 1958. Bei ya Flying V ilikuwa dola 247 na nusu. Watu waliyatazama, wakayacheka, wakaenda zao. Mwaka ule zilitoka kiwandani Flying V 81, na mwaka wa 1959 zikatoka 17 tu. Explorer zilikuwa chache zaidi. Basi kazi ikasimamishwa.

Methali husema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Safari hii kizuri kilikawia sana kujiuza. Mmoja wa wachache waliokipenda alikuwa Albert King, Mmarekani mweusi aliyepata kuwa dereva wa mashine za kusukuma udongo. Yeye alipiga kwa mkono wa kushoto, na gitaa la kawaida akilipindua lamsumbua. Lakini mshale una pande mbili zilizo sawa. Alishika limba ile, akaiita Lucy, akapata nayo sifa katika nchi nyingi. Vijana waliomsikia wakaanza kutafuta magitaa ya mwaka wa 1958. Leo moja lililo halisi huuzwa kwa dola zaidi ya 100 000.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Mwili mzima wa gitaa hutoka katika ubao wa sentimeta 50 kwa 35, wenye unene wa sentimeta 4 na nusu. Ukizihesabu mbao hizo kwa ujazo, hazijazi ndoo moja. Mti mmoja wa limba ungaliweza kutoa miili mingi sana. Thamani ile kubwa haikuwamo katika gogo lililoteremka mtoni. Iliongezwa baadaye, kwa kukausha, kuchora, kuchonga, kupima, na kwa mikono ya aliyelipiga. Wale waliouza gogo waliuza gogo, wakalipwa bei ya gogo.

Namna ya kuliunda

Tuchukue mfano wa gitaa la kuagiza, mwili wake wa limba na ubao wa vidole wa wenge, ili msomaji aone kazi ilipo.

Kwanza ni kungoja. Ubao mbichi ni adui wa fundi. Husimamishwa kwenye hewa miezi mingi, kisha hutiwa katika tanuru la kukaushia, hata maji yaliyobaki yawe chini ya sehemu 10 katika 100. Anayeharakisha hapa ataona gitaa lake limepinda kabla ya mwaka kwisha.

Pili ni kuchagua. Limba ni namna mbili: iliyo nyeupe tupu, na ile yenye mistari ya kahawia na nyeusi katikati. Wafanyabiashara wa zamani waliipenda nyeupe. Yenye mistari waliihesabu kuwa na dosari. Wateja wa magitaa ya kuagiza wamegeuza hesabu hiyo: siku hizi hulipa zaidi kwa ile yenye mistari, maana hakuna ubao mmoja unaofanana na mwingine.

Tatu ni mwili. Vipande viwili hurandwa hata ukingo wa kimoja ulale juu ya kingine bila nuru kupita kati yao. Hupakwa gundi na kubanwa. Kesho yake umbo huchorwa, hukatwa kwa msumeno, huchimbwa mashimo ya sumaku na waya, kisha hulainishwa kwa msasa.

Nne ni shingo. Ndani yake hutiwa fimbo ya chuma inayoweza kukazwa, ili ishindane na mvuto wa nyuzi. Fimbo hiyo si jambo jipya. Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa Gibson, alipata hati yake mwaka wa 1923. Juu ya shingo hubandikwa wenge, mti wa misitu ya Kongo na majirani zake, wa rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, mgumu sana. Fundi hujifunika pua na mdomo, maana vumbi la wenge hudhuru kifua, na kibanzi chake kikiingia kidoleni huleta uvimbe.

Tano ni hesabu. Juu ya wenge hupigiliwa vijiti vya chuma, navyo ndivyo vinavyogawanya sauti. Uzi ukiwa na urefu wa milimeta 648, kijiti cha kwanza hukaa milimeta 36.4 kutoka mwanzo wa uzi. Cha pili milimeta 34.3 mbele yake. Na kuendelea hivyo, nafasi zikipungua kila mara. Kila nafasi hupatikana kwa kugawanya urefu uliobaki kwa 17.817. Kijiti cha 12 lazima kianguke katikati kabisa ya uzi, kwenye milimeta 324. Kikikosea hata kwa milimeta moja, gitaa halitapatana kamwe na vyombo vingine. Mwanafunzi anayeuliza hesabu za kugawanya zamfaa nini, mpeni gitaa apime.

Mwisho ni vanishi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingoja nyingine ikauke; kisha sumaku, waya, vigingi na nyuzi.

Watu hubishana: Je, aina ya mti huigeuza sauti ya gitaa la umeme? Wapiga gitaa wengi huapa ya kwamba ndiyo. Wengine waliojifunza elimu ya sauti husema sumaku, nyuzi na mashine vina nguvu zaidi. Hatuwezi kukata shauri hilo hapa. Lakini hakuna anayebisha kwamba mti mzuri hutulia, hushika nyuzi imara, na humpendeza anayeukumbatia kila siku.

Miti inayopungua

Tamaa ya mbao za mbali imeleta pia hasara. Palisandere ya Brazili ilikatwa mno kwa karne nyingi, kwa vyombo vya nyumba zaidi ya magitaa. Mwaka wa 1992 mataifa waliokubaliana katika Mapatano ya Washington, yale yanayolinda wanyama na miti iliyo hatarini, waliitia katika orodha kali kabisa, biashara yake ikakatazwa. Tarehe 2 Januari 2017 palisandere zote za dunia zilitiwa chini ya ulinzi, pamoja na aina tatu za bubinga, mti mwekundu wa misitu ya Afrika ya Kati. Wapiga gitaa wengi walitaabika na makaratasi mipakani, hata mwaka wa 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikaachiliwa. Mwaka wa 2022, katika mkutano wa Panama, ikafika zamu ya akaju na padouk za Afrika.

Viwanda vya magitaa navyo vilipata somo. Mwaka wa 2012 kampuni ya Gibson ilikubali kulipa dola 300 000, katika shauri la ebene iliyonunuliwa Madagaska kinyume cha sheria. Kwa upande mwingine twaona mfano mwema kwa jirani zetu wa Kamerun. Mwaka wa 2011 kampuni ya magitaa ya Taylor, pamoja na wenzao wa Hispania, walinunua kiwanda cha kupasulia ebene mjini Yaoundé. Walipofika waliambiwa jambo la kuhuzunisha: wakataji waliangusha miti mingi, kwa kuwa hawakujua rangi ya ndani kabla ya kuikata, ile isiyokuwa nyeusi tupu waliiacha ioze msituni, maana wanunuzi hawakuitaka. Taylor wakaanza kuitumia ebene yenye mabaka katika magitaa yao, wakawaeleza wateja sababu. Tangu mwaka wa 2016 wamesaidia pia kuipanda upya ebene pamoja na watu wa vijiji.

Tena Gabon, tangu mwaka wa 2010, imekataza magogo yasitoke nchini bila kupasuliwa. Walitaka kazi ya kwanza juu ya mti ifanywe pale mti ulipokatwa.

Na sisi je?

Mtu atauliza: Hayo yote yametupita sisi? Hapana. Mwaka wa 1952, huko Jadotville, ndio Likasi ya leo, Hugh Tracey alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa la kawaida na kuimba kwa Kiswahili. Wimbo wake Masanga ukasikika mbali sana na Katanga. Katika miaka ile ile mpiga gitaa Mbelgiji Bill Alexandre aliwaonyesha vijana wa Léopoldville gitaa la umeme. Hawakukawia. Mwezi wa Januari 1960, mjini Bruxelles, wakati wa mkutano juu ya uhuru, Docteur Nico alikuwa mmoja wa wapiga gitaa wa African Jazz walipotoa Indépendance Cha Cha.

Wala si kupiga tu. Mzee Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa kundi la Konono N°1 la Kinshasa, alipata shida ile ile ya Beauchamp: likembe yake haikusikika katika kelele za mji. Yeye na wenzake walichukua sumaku kutoka vipande vya magari yaliyokufa, wakachonga vipaza sauti vyao kwa mti, likembe ikalia kwa umeme. Hakuna aliyewaletea hati ya uvumbuzi, lakini dunia ilikuja kuwasikiliza.

Basi masikio tunayo, mikono tunayo. Kinachotupungukia ni tanuru za kukaushia mbao, vyombo vya kupimia, na waalimu wa ufundi wenye muda. Na tusipojihadhari, tutapungukiwa na miti yenyewe. Katika Mayombe msitu umeliwa sana na mashamba na makaa. Hifadhi ya Luki, yenye hekta zaidi ya 30 000, imo tangu mwaka wa 1976 katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za viumbe, lakini panga na moto huigusa kila mwaka.

Hata hivyo Luki yatufundisha jambo la kutia moyo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa misitu walipanda limba huko pamoja na migomba. Limba hupenda jua, na hukua upesi kuliko miti mingi ya msitu. Mkulima alipalilia migomba yake, na kwa palizi ile ile akaitunza miche ya limba. Alikula na kuuza ndizi miaka ya kwanza, na migomba ilipochoka, miti ilikuwa imekwisha kuinua vichwa. Hakulazimishwa kuchagua kati ya chakula cha leo na mbao za kesho.

Tusidhani ya kwamba kosa la zamani lilikuwa kuuza mti. Mti hukatwa, ndio sababu moja Mungu alitupa mbao. Kosa lilikuwa kuuona mwisho wa mti pale gogo linapopakiwa melini, na kuwaachia wengine yote yanayofuata: jina, ufundi, na bei.

Basi, Jumapili ijayo, mtoto akisimama tena karibu na gitaa la waimbaji, msimfukuze. Mwacheni aguse ubao. Mwambieni yawezekana umetoka katika msitu unaofanana na ule wa Mayombe, na kwamba kuna watu waliojifunza kuufanya ulie. Kisha mpeni randa na kipande cha mbao ajaribu mkono wake, na msimu wa mvua ukifika mpeni pia mche wa kupanda. Kwa randa ataanza kujifunza kesho. Mche utawangoja wajukuu wake.